UCHANGANUZI: Atangazaye bila daftari hujua gharama, hajui mavuno

KILA wikendi mabasi ya kampuni za kuuza ardhi huondoka Nairobi yakiwa yamewabeba wateja wanaokwenda kukagua maploti Juja, Joska na Kitengela. Fedha zilizotumika kuwavutia abiria hao si haba. Kuna matangazo ya redio, mabango ya barabarani, video za TikTok, kurasa za Facebook na jumbe za simu. Hata hivyo, meneja wa mauzo akiulizwa ni tangazo lipi lililomleta mteja yupi, mara nyingi hujibu kwa kukisia.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii daftari lipo, ila huandikwa baada ya mteja kufika, wakati ambapo hakuna tena awezaye kujua alikotoka. Hesabu ya wateja watarajiwa yafaa kupangwa kabla tangazo la kwanza halijatoka.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya njia na kampeni. Njia ni mahali tangazo linapopitia, kama vile redio, bango au Facebook. Kampeni ni ujumbe wenye mwanzo na mwisho, mathalan ofa ya Pasaka, unaoweza kupitia njia zote hizo kwa wakati mmoja. Karani akiandika 'Facebook' kwa mteja mmoja na 'Pasaka' kwa mwingine, huenda wote wawili waliona tangazo lile lile, na takwimu hizo haziwezi kulinganishwa. Kila mteja ahitaji kuandikiwa mambo matatu: njia, kampeni na tarehe aliyouliza mara ya kwanza.

Kwenye intaneti kazi hii ni rahisi. Viambishi vya UTM, vilivyorithiwa kutoka kwa Urchin, kampuni ya Marekani iliyonunuliwa na Google mwaka wa 2005, huongezwa mwishoni mwa anwani ya ukurasa ili kuonyesha chanzo cha mteja na jina la kampeni. Lakini mtambo hauna busara ya binadamu. Afisa mmoja akiandika 'Facebook', wa pili 'facebook' na wa tatu 'fb', ripoti itaonyesha vyanzo vitatu. Ndiyo maana orodha ya majina hupaswa kuwa moja, na mtunzaji wake awe mmoja.

Redio na bango havibofywi. Hapo dawa ni kutenga namba ya simu kwa kila njia, au neno fupi ambalo mteja atalitaja ili apate punguzo. Wanaolipa amana kwa Paybill ya M-Pesa wanaweza kuelekezwa kuandika neno hilo katika nafasi ya namba ya akaunti, na malipo yenyewe yakawa ushahidi.

Faida ya mpangilio huo huonekana hesabu inapofuatwa hadi mwisho. Tuseme kampuni imetumia Sh200,000 kwenye redio na kiasi sawa na hicho kwenye Facebook. Redio ikaleta watu 50 walioulizia, Facebook ikaleta 400. Meneja mwenye pupa ataifuta redio. Lakini ikiwa watu 10 kati ya wale 50 walinunua, na wanne pekee kati ya wale 400, basi kila mnunuzi wa redio aligharimu Sh20,000 na wa Facebook Sh50,000. Wingi wa simu ulikuwa umeficha ukweli.

Aidha, njia ya mwisho isipewe sifa zote. Mtu huweza kusikia tangazo redioni Jumatatu, kisha akabofya Facebook Ijumaa. Swali 'ulitusikia wapi mara ya kwanza?' lifaa kuulizwa na jibu liandikwe kando ya kile kilichonaswa na mtambo. Rekodi hiyo pia hupunguza ugomvi wa mawakala wanaolipwa kwa kamisheni, kila mmoja akidai mteja ni wake.

Kuna wateja ambao chanzo chao hakitajulikana, hasa waliotumiwa picha ya tangazo na jamaa kupitia WhatsApp. Hao waandikwe 'haijulikani'. Afisa anayelazimishwa kujaza kila nafasi atajaza lolote, na takwimu ya uongo hudhuru kuliko pengo.

Kadhalika, daftari hili lina mipaka ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inadhibiti matumizi ya habari za mtu kibiashara na kusisitiza idhini yake. Mnamo Septemba 2023, afisi ya Kamishna wa Data ilitoza klabu moja ya burudani Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kuchapisha picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Aliyepiga simu kuulizia ploti hajaruhusu namba yake igawiwe mawakala watano.

Kwa mfanyabiashara mdogo, haya yote hayahitaji mitambo ya bei ghali. Kitabu cha mistari, orodha moja ya majina na namba mbili za simu vyatosha kuanzia. Asiye navyo ataendelea kukata bajeti gizani, na huenda tangazo atakalolifuta ndilo lililokuwa likimlisha.