Maniema: Kila mradi na fomu yake, nani amlinde muuguzi?

Kila mwisho wa mwezi, muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha kijijini huko Kasongo au Kabambare ana kazi mbili zinazogombania saa zilezile. Nje kuna wagonjwa wanaosubiri kwenye benchi. Mezani kuna rejista zinazopaswa kujumlishwa ili ripoti ifike ofisi kuu ya zoni ya afya. Akitibu, ripoti inachelewa. Akiandika, wagonjwa wanangoja.

Ripoti hiyo si mchezo. Ndiyo inayoonyesha dawa za malaria zinazohitajika, na ndiyo inayoweza kugundua mapema kwamba surua au kipindupindu kimeanza. Tatizo ni kwamba wanaotunga fomu ni wengi, na anayezijaza ni mmoja.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka miwili mwenye malaria. Anaandikwa kwenye rejista ya matibabu. Anahesabiwa katika taarifa ya wiki ya magonjwa ya mlipuko na katika ripoti ya mwezi. Dawa aliyopewa inaingia kwenye hesabu ya dawa. Kama kuna mradi unaofadhili kituo, anahesabiwa tena kwa ajili ya mradi. Fomu moja ikiweka pamoja watoto wote wa chini ya miaka 5, na nyingine ikitaka miezi 0 hadi 11 peke yake na 12 hadi 59 peke yake, muuguzi analazimika kurudi kwenye rejista na kuhesabu upya. Hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Tarakimu ikikosewa, dawa zinazoletwa nazo zinapungua au zinaletwa zisizohitajika, na katika barabara za kusini mwa Maniema, shehena iliyokosewa hairekebishwi kesho yake.

Inauma zaidi kwa sababu Kasongo ni mahali ambapo jambo hili liliwahi kufikiriwa vizuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Zaire na wa Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, walianzisha hapo Mradi wa Kasongo. Walipanga vituo vya afya, kila kimoja na wakazi wake wanaojulikana, vikitegemea hospitali moja ya rufaa na kuongozwa na kikosi kimoja. Kumbukumbu za vituo zilimsaidia kwanza muuguzi kumfuatilia mgonjwa wake. Kumbukumbu za aina hiyo pia zilizaa elimu: mwaka 1981, kikosi cha Kasongo kilichapisha katika jarida la Lancet utafiti kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo.

Uzoefu wa Kasongo na wa maeneo mengine kama Bwamanda ulichangia mpango wa zoni za afya ambao Zaire iliueneza nchi nzima katika miaka ya 1980. Leo Kongo ina zoni 519, na 18 kati yake ziko Maniema. Wilaya ya Kasongo ina zoni za Kasongo, Kunda na Samba; Kabambare ina Kabambare, Lusangi na Saramabila.

Mpango ukabaki, lakini usimamizi wa pamoja ukalegea. Miaka ya vita na ya serikali isiyo na fedha ilifungua mlango kwa wafadhili, kila mmoja na ugonjwa wake, bajeti yake na karatasi zake. Mkakati wa wizara ya afya wa mwaka 2006 ulikiri kwamba mgawanyiko huo ulikuwa unaubomoa mfumo wa zoni.

Kompyuta imeleta nafuu fulani. Kongo imechukua DHIS2, programu inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na kutumika katika nchi nyingi za Afrika. Takwimu za mwezi zinaingizwa humo kwenye ofisi ya zoni na kuonekana Kindu na Kinshasa. Hata hivyo, programu hupokea fomu yoyote inayowekwa ndani yake. Ukiingiza fomu kumi zinazorudiana, utapata fomu kumi kwenye kioo, na muuguzi wa kijijini bado ana kalamu na karatasi.

Kinachokosekana ni mwenye nyumba. Taasisi kubwa kwingineko zimejifunza hivyo. Serikali ya Uingereza, yenye wizara nyingi na kila moja na huduma zake za mtandaoni, ilizindua mwaka 2018 mkusanyiko mmoja wa fomu, vitufe na kurasa za kutumiwa na wote. Kuna kikosi kinachoutunza. Anayetaka kuongeza kitu lazima aonyeshe mambo mawili: kwamba kina manufaa kwa watumiaji, na kwamba hakirudii kilichopo.

Maswali hayo mawili yangetosha Kindu. Idara ya afya ya jimbo tayari ina chombo cha kuyauliza: mkataba mmoja, ambao unawaweka wafadhili wa jimbo chini ya mpango mmoja wa kazi. Mkataba unaounganisha fedha unaweza pia kuunganisha karatasi. Mradi unaotaka takwimu mpya uonyeshe kwanza kwamba haimo katika ripoti ya kawaida, na fomu inayoongezwa iwe na tarehe ya kuondolewa.

Kukataa si rahisi. Daktari mkuu wa zoni ambaye magari na mafuta yake yanatoka kwa mfadhili hawezi kumwambia mfadhili huyo arudi na fomu yake. Ndiyo maana uamuzi usiachwe mikononi mwake peke yake. Utoke jimboni na kuungwa mkono na wizara.

Sauti nyingine inayopaswa kusikika ni ya anayejaza. Fomu zimeandikwa kwa Kifaransa, wakati mazungumzo na mgonjwa ni ya Kiswahili, na muuguzi ndiye anayejua swali gani mama haliwezi kulijibu. Mikutano ya kila mwezi kwenye ofisi za zoni tayari inakagua takwimu. Ajenda yake ikiongezwa swali moja, ni safu ipi ya fomu ambayo haijawahi kumsaidia yeyote hapa, huenda Kasongo ikaanza tena kuufundisha mfumo ambao ulizaliwa kwake.