Tuitishe Mwethya wa Sukari

Ndugu zangu wa Kitui na Makueni,

Jirani yangu alitembea kutwa nzima na mwiba wa mgunga ndani ya unyayo. Jioni alirudi kutoka shambani, akavua akala, akaketi kunywa chai. Mjukuu wake ndiye aliyeona damu sakafuni. Mwiba ulikuwa umetoboa mpira wa akala, ukazama nyamani chini ya kidole gumba, na mzee hakusikia lolote. Ganzi ya miguu alidhani ni uzee. Kumbe ni sukari, iliyomkalia miaka mingi bila kupimwa. Kidonda kile hakikufunga. Mwishowe mguu ulikatwa chini ya goti.

Nawaandikia kwa sababu miguu kama ule inaweza kuokolewa, na sisi wenyewe ndio wa kuiokoa.

Sukari ya aina ya pili haipigi hodi. Ikikaa juu kwenye damu mwaka baada ya mwaka, hula kuta za mishipa, kwanza ile myembamba ya macho, ya figo na inayolisha neva za miguu. Mishipa mikubwa nayo huziba, ndipo moyo unaposhtuka au mtu anapopooza upande. Jicho laweza kuvuja damu kwa ndani na mwenyewe bado anasoma Biblia vizuri. Figo huanza kupitisha protini kwenye mkojo, naye yuko sokoni anauza maembe, hana habari. Huko Uingereza, utafiti ulioanza 1977 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 waliokuwa wamegunduliwa karibuni, na karibu nusu yao walikutwa tayari wana dalili za madhara. Matokeo yaliyotolewa 1998 yalionyesha kwamba kuishusha sukari mapema, na presha pamoja nayo, hupunguza uharibifu huo. Kwa hiyo kinachotuumiza zaidi ni kuchelewa. Na hapa Kenya tumechelewa sana: uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta watu wazima karibu 88 katika kila 100 hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja.

Kuna wanaosema huu ni ugonjwa wa matajiri wa Nairobi, eti sisi watu wa ukame hautuhusu. Mimi ukame wenyewe ndio unaonitia hofu. Uholanzi ilikumbwa na njaa kali kati ya 1944 na 1945, na watoto waliokuwa tumboni wakati ule, walipokuwa watu wazima, miili yao ilionekana kushindwa kuihimili sukari kuliko ya wenzao. Sisi tuna Nikw'a Ngwete ya 1984, njaa iliyopewa jina hilo kwa kuwa mtu alikufa pesa anazo mkononi, chakula hakipo. Aliyezaliwa miezi ile leo amevuka miaka 40. Simwambii ni mgonjwa. Namwomba awe wa kwanza kwenye foleni ya kupimwa. Nyuma yake asimame aliye na mzazi au ndugu mwenye sukari, mwenye kitambi, mwenye presha, mvuta sigara, na mama aliyewahi kupata sukari ya mimba au kuzaa mtoto wa zaidi ya kilo 4.

Chakula nitakigusa tu. Isyo, pojo, kunde na mtama tulivyolelewa navyo si adui. Tuogope mlima wa ugali mweupe, chai ya vijiko vinne, na soda kila penye harambee.

Matuta yanayoshika udongo wa vilima vya Mbooni, na mabwawa ya mchanga kwenye mito yetu ya msimu, ni kazi ya mwethya: majembe na karai za kijiji kizima, leo kwako, kesho kwangu. Mwethya ule ule naomba uitishwe kwa sukari.

Kila kikundi, cha akina mama, cha kanisa, cha bodaboda, kimwite mhamasishaji wa afya wa kijiji chake. Septemba 2023 serikali ilianza kuwakabidhi mikoba yenye mashine ya presha na glukomita. Wanakikundi wapimwe asubuhi, kabla hata ya chai. Glukomita ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi, mtu aende kituoni kupimwa tena; kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Vijiti vya kupimia vikiisha, tuchange. Tuchange pia nauli, ili kila mwenye sukari afike hospitali ya rufaa ya Kitui au ya Wote angalau mara moja kwa mwaka, apimwe macho na mkojo. Na akishawishiwa kuacha vidonge vyake kwa ajili ya chupa ya dawa inayouzwa stendi, asiachwe aamue peke yake.

Halafu kuna bajeti. Makueni imejulikana kwa wananchi kuketi tangu kijijini wakasema pesa za kaunti ziende wapi, na sheria inawapa watu wa Kitui haki iyo hiyo. Makadirio hufikishwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Tufike kwenye vikao kabla ya hapo. Baada ya kuomba barabara, mtu asimame aulize: Mutomo, Mwingi, Kibwezi na Makindu, vijiti vipo? Kuna mashine ya kupiga picha ndani ya jicho? Kuna muuguzi aliyefunzwa kushughulikia miguu? Kisichokuwepo tukidai kwa jina lake, na mwaka unaofuata turudi kuuliza.

Katika mkutano wenu ujao, kabla ya kuhesabu pesa za kikundi, wenye sukari wavue viatu. Jirani amtazame jirani unyayo, kisigino na katikati ya vidole, akitafuta mkwaruzo, lengelenge au ngozi iliyobadilika rangi. Mwenye kidonda aende kituoni siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi. Na kila asubuhi, kabla ya kuvaa akala, azigeuze, apitishe kidole juu ya mpira polepole, atafute ncha ya mwiba.