Usishushe bei mbele ya kujua ugonjwa wa duka



Mwezi huu tuzungumze juu ya mauzo ya kazi ya mikono. Huku kwetu, Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, mafundi wanaochonga malakiti na kufua shaba ni wengi, na wanunuzi wanaopita barabarani ni wachache. Kwa hiyo jamaa nyingi zinatafuta soko la mbali, na soko linalotajwa sana ni Etsy, soko la intaneti lililoanza mwaka 2005 kule Brooklyn, katika mji wa New York, kwa ajili ya vitu vya kazi ya mikono.

Chukueni mfano wa ndugu wawili. Mdogo iko huku mgodini, anachonga vidani vya malakiti. Yaya wake anaishi Marekani. Duka liko kwa jina la yaya, kwa sababu Etsy inalipa wauzishaji kwa njia yake yenyewe ya malipo, na njia ile haijafika nchi yetu ya Kongo. Mdogo anachonga na kutuma. Yaya anaweka sokoni, anafunga koli na kupokea feza. Miezi minne imepita na wameuzisha vidani viwili tu. Yaya anapiga simu: "Mdogo, bei iko juu, tushushe!" Mdogo anajibu: "Yaya, tukishusha, mimi nitakula nini?" Kutoka hapo maneno yanageuka kuwa makali, na duka lililofunguliwa ili kusaidia jamaa linaanza kuigawanya.

Nani iko na haki? Ndugu msomaji, mganga mwenye akili hatoi dawa mbele ya kuuliza, "Unaumwa wapi?" Duka nalo liulizwe namna ile ile. Etsy inamwonyesha mwenye duka hesabu mbili: watu wangapi walifika kutazama, na wangapi walinunua. Chukueni hesabu ya siku 30, mwiandike kwenye karatasi. Mtaona ugonjwa uko wapi.

Ugonjwa wa kwanza: watu hawafiki

Kama kwa siku 30 watu 10 tu ndio waliofika, bei haina kosa lolote. Mtu hawezi kukataa bei ambayo hajaiona! Hapa shida ni maneno na foto ya kwanza.

Mnunuzi wa Etsy anaandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia, na soko linamletea vitu vinavyopatana na maneno yale. Kwa kila kitu, muuzishaji anapewa nafasi 13 za maneno ya kutafutia. Wengi wanajaza mbili ao tatu, wanaacha zingine bure. Jaza zote 13, na usirudilie neno moja mara tano. Jiulize: mnunuzi atasema nini? Mmoja atatafuta jina la jiwe. Mwingine atatafuta rangi: kijani. Mwingine anataka zawadi ya mama yake, ao zawadi ya mwanamume. Mwingine anatafuta kitu kinachotoka Kongo. Kila mmoja ana mlango wake, na maneno yako ndiyo milango. Andika katika lugha ya wanunuzi. Hapa yaya anayeishi kati yao ndiye mwalimu.

Kichwa cha tangazo nacho kiseme waziwazi kitu ni nini. "Uzuri wa Afrika" haimwambii mtu kitu. "Kidani cha malakiti ya Kongo, kilichochongwa kwa mkono" inatosha kumwelewesha.

Kisha foto ya kwanza. Usingoje umeme. Asubuhi, karibu na dirisha, mwanga wa Mungu hauna kipimo cha kulipia. Weka kidani juu ya kitambaa cheupe kisicho na maua, ondoa bilauri na viatu pembeni, usogee karibu hadi mistari ya jiwe ionekane. Mistari ile ya kijani, mwepesi na mzito, ndiyo inayovutia macho.

Ugonjwa wa pili: wanafika, lakini hawanunui

Kama watu 300 walifika na hakuna aliyenunua, maneno yamefanya kazi yake. Sasa ugonjwa uko ndani ya duka.

Fikiri mama anayenunua kitu sokoni Kenya, pale Lubumbashi. Anakishika, anakipima kwa mkono, anakigeuza, anauliza maswali kumi. Mnunuzi wa mbali hana mkono wa kushika. Kama hajapata jibu, hatakungoja. Anafunga na kwenda kwa jirani. Basi ujibu mbele hajauliza.

Kitu kina urefu gani? Andika kwa sentimita, tena piga foto ya kidani kikiwa shingoni mwa mtu. Kina uzito gani? Andika kwa gramu. Kamba yake ni ya nini? Kinatunzwa namna gani? Malakiti ni jiwe laini kuliko wengi wanavyofikiri. Kisu cha chuma kinaweza kulikwaruza, na maji ya limau ao siki yanaliharibu. Mwambie mnunuzi akifute kwa kitambaa laini, asikitie katika dawa za kusafishia. Ukimwonya, hatakuja kulalamika kesho.

Mwambie tena kile ambacho hakuna kiwanda kinachoweza kusema. Rangi ile ya kijani inatoka katika shaba iliyo ndani ya jiwe, shaba ile ile ambayo mababu wa Katanga waliyeyusha na kutengeneza misalaba midogo, wakaitumia kama feza. Maneno manne ao matano kama hayo, ya kweli, yanampa mnunuzi sababu ya kuchagua kazi yako.

Lakini ya kweli tu. Kama umefua msalaba wa shaba mwaka huu, usiupake moshi na kuuita wa zamani. Kwenye Etsy, kitu kinachouzishwa kama cha zamani lazima kiwe na miaka 20 ao zaidi. Pembe za tembo zimekatazwa kabisa. Na soko linataka kujua nani alitengeneza. Kwa hiyo jina la mdogo anayechonga liandikwe katika ukurasa wa duka pamoja na jina la yaya. Mikono isifichwe.

Sasa tuje kwenye bei

Etsy inachukua dola 0.20 kwa kila tangazo, na tangazo linakaa miezi minne. Kitu kikiuzwa, inachukua asilimia 6.5 ya jumla yote, bei pamoja na feza ya kutuma. Tangu Aprili 2022 ni hivyo. Mbele yake ilikuwa asilimia 5. Tena, kwa muuzishaji wa Marekani, kupokea malipo ni asilimia 3 na dola 0.25.

Tufanye hesabu kwa mfano. Kidani ni dola 18, mnunuzi analipa dola 6 za kutuma. Jumla ni 24. Etsy inachukua 1.56, na 0.20, na 0.97: pamoja 2.73. Posta inakula dola 6 zake. Inabaki 15.27. Tuseme jiwe, kamba, karatasi ya kusugulia, sanduku, na sehemu ya safari kutoka Kongo vyote ni dola 7.77. Faida ni dola 7.50. Kama kuchonga na kufunga kunachukua masaa matatu, kila saa imepata dola 2.50, na hiyo igawanywe kwa watu wawili!

Sasa yaya ashushe bei hadi dola 12. Jumla ni 18. Etsy inachukua 2.16, posta 6, gharama zile zile 7.77. Inabaki dola 2.07. Bei imeshuka kwa sehemu moja ya tatu, lakini faida imeshuka kutoka 7.50 hadi 2.07. Ili kupata kama mbele, lazima wauzishe vidani vinne pahali pa kimoja, na mdogo afanye kazi masaa 12 pahali pa matatu. Ndiyo maana alisema, "Nitakula nini?" Alihisi hesabu ile mbele ya kuiandika.

Kuna gharama mbili ambazo wengi wanasahau. Ya kwanza ni kodi. Tangu tarehe 29 Agosti 2025, Marekani iliondoa msamaha wa kodi uliokuwa kwa koli za bei isiyopita dola 800. Kwa hiyo vitu vinavyotoka huku vihesabiwe pamoja na kodi, na mbele ya kutuma mawe uulize ofisi za serikali karatasi zipi zinatakiwa. Ya pili ni mapafu ya fundi. Vumbi la malakiti lina shaba na linadhuru kifua. Jiwe likatwe likiwa na maji, fundi avae maski, watoto wasicheze karibu. Bei ya maski iingie katika bei ya kidani. Kidani kisichoweza kulipa maski ya fundi ni rahisi mno.

Je, bei haishuki kamwe? Inaweza kushuka, kama hesabu inaruhusu. Lakini mara nyingi ni vema kutafuta kitu chepesi. Malakiti na shaba ni vizito, na posta inapima kilo. Yai kubwa la malakiti linaweza kulipiwa kutuma zaidi ya bei yake, na mnunuzi akiona vile anakimbia. Hereni, kidani, pete: hivi vinasafiri kwa bei ndogo. Yai libaki kwa mgeni anayepita dukani huku.

Neno kwa jamaa

Msiweke sokoni kitu kilicho bado Kolwezi. Kiwe kwanza mikononi mwa yaya, ili kikiuzwa leo kitumwe kesho. Mnunuzi anayengoja majuma sita ataandika maneno mabaya, na maneno yale yanabaki mlangoni pa duka kila mtu aone.

Badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati. Mwezi huu maneno na foto ya kwanza. Mwezi ujao maelezo. Mkibadilisha yote siku moja, hamtajua dawa gani iliponya.

Na muwe na daftari mbili zinazofanana, moja huku na moja kule. Kila mauzo yaandikwe: bei, ada ya Etsy, posta, gharama, kilichobaki, na sehemu ya kila mmoja. Zisomwe kwa simu kila mwisho wa mwezi. Ndugu wengi hawakuachana kwa sababu ya umaskini. Waliachana kwa sababu dola tano hazikuandikwa.

Kazi ya mwezi huu kwa vijana: chukua kitu kimoja unachotengeneza, ukiweke mezani, na uandike maswali kumi ambayo mtu asiyekiona angeuliza. Mpe mama ao rafiki asome majibu yako huku amefumba kitu kile chini ya kitambaa. Kama anaweza kukuambia kikoje, maelezo yako yamekuwa tayari kwa soko.