Nani Alipe Nauli ya Afisa Ustawi?



Miaka kadhaa iliyopita alitujia bibi mmoja, ambaye hatutamtaja jina wala kijiji, akiwa ameshika karatasi ya wito wa mahakama. Binti yake alikuwa amefariki akiacha mtoto mchanga, na kwa miaka sita bibi huyo alimlea mjukuu kwa fedha ya kusuka mikeka. Baba wa mtoto, aliyekuwa amekwisha kuoa tena Dar es Salaam, alirudi kumdai. Hakimu hakutaka kuamua gizani. Aliagiza afisa ustawi wa jamii azione nyumba zote mbili, azungumze na mtoto, kisha alete taarifa. Taarifa haikuja. Shauri liliahirishwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka bibi akaambiwa kwamba ofisi haina mafuta ya boti. Ila kama yeye ana uwezo wa kuyanunua, safari itafanyika. Baba, kwa upande wake, alikuwa na gari.

Je, taarifa ambayo nauli yake imelipwa na upande mmoja ni taarifa ya nani?

Swali hili halimhusu afisa peke yake. Wengi wa maafisa hawa tunawafahamu; ni vijana wenye moyo, na mmoja hutazamiwa kufanya kazi ya watu kadhaa. Tunachokilalamikia ni desturi ya kubadili sheria za watoto pasipo kuhesabu gharama ya kuzitekeleza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliiagiza mahakama kutanguliza ustawi wa mtoto, na kupata, kila inapowezekana, ushauri wa mtu mwenye mafunzo au uzoefu katika malezi ya watoto, awe mtumishi wa serikali au asiwe. Neno hilo «inapowezekana» lilikuwa mlango mpana. Ikaja Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, ambayo ilifuta na kuunganisha sheria kadhaa za zamani, pamoja na ile iliyoweka kikomo cha matunzo ya mtoto wa nje ya ndoa kuwa shilingi 100 kwa mwezi! Hatuna budi kuishukuru. Kwa sheria hiyo mtoto ana haki ya kutoa maoni yake, na afisa ustawi ndiye jicho la mahakama katika mashauri ya ulezi, ya malezi ya kambo na ya kuasili. Lakini jicho hilo halikupewa miguu.

Mjini upungufu huo hauonekani sana, maana afisa aweza kupanda daladala. Hapa Dimani na kwa majirani zetu wa Delta, katika kata kama Salale, Mbuchi, Maparoni, Kiongoroni na Msala, mambo ni mengine. Safari moja hungoja maji yajae, na aliyechelewa hulala huko huko. Mafuriko yakija, kama yale ya Aprili 2024, hata njia ya nchi kavu hukatika. Tena ziara moja haitoshi: nyumba ya mlezi yapasa kuonwa siku ambayo hakutazamia mgeni, na baada ya amri ya mahakama mtoto aangaliwe tena.

Wako wanaotuambia: basi turudi kwa wazee, mambo yaishe barazani bila gharama. Wazee tunawaheshimu, na mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, ya kwetu na ya ndugu zetu Waislamu ambao ni wengi kuliko sisi katika eneo hili, yameokoa nyumba nyingi. Lakini barazani mtoto aghalabu haulizwi. Zaidi ya hayo, sote twajua wapo watoto waliochukuliwa na jamaa «wakalelewe mjini», wakaishia kufua, kupika na kubeba watoto wa wengine, shule wakaisikia tu. Waliowachukua walisema ni wema. Hakuna aliyekwenda kutazama. Kwa hiyo uchunguzi kabla ya kumkabidhi mtu mtoto si usumbufu wa wasomi. Ni ulinzi, na ulinzi una bei yake. Mfalme Sulemani aliwezeshwa kuamua kwa sababu wanawake wote wawili na mtoto walikuwa mbele yake. Hakimu wetu ana jalada tu.

Gharama isiyolipwa na serikali haipotei. Huhamia kwa bibi anayeuza kuku ili aende mahakamani kusikia tarehe nyingine, na kwa mtoto anayekua bila kujua atalala kwa nani mwaka ujao. Sheria ile ile ya 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika eneo lake. Wala mtu asituambie kwamba sheria haiwezi kutaja fedha: imekwisha kuziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tunaomba fungu dogo zaidi ya hilo, lenye jina lake, la usafiri wa afisa ustawi kwa mashauri ya watoto, lisilochotwa kwa ajili ya mapokezi ya wageni. Viongozi walei walio katika serikali za vijiji na kamati za kata walipeleke ombi hili wakati mipango ya bajeti inapoandaliwa, kabla ya Julai, na madiwani wetu waulizwe hadharani walilitetea au la. Nasi katika Jumuiya tuache kabisa mazoea ya kuandikiana karatasi za «kumpa mtoto» mbele ya mashahidi wawili. Karatasi hiyo haimfanyi mtoto awe ameasiliwa, na siku ya mirathi itamtupa nje.

Yatupasa kukiri jambo moja. Yale mafuta ya boti tuliyanunua sisi, kwa mchango wa waamini. Afisa alikwenda, aliandika taarifa njema, na mtoto alibaki kwa bibi yake. Hatujuti. Lakini baba yule alipokutana nasi baadaye alituuliza, kwa upole kabisa, kama tungemlipia na yeye endapo angekuwa ndiye asiye na nauli. Tulinyamaza.