Mbio za Sakafuni: Reli, Deni na Haki Yako ya Kuuliza



Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sisi walimu hufundisha methali hii kila mwaka, lakini ni nadra tuipime kwa mambo ya serikali. Leo naomba tuipime kwa reli.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, wakaiita Reli ya Uganda. Mwaka 1901 ilifika Kisumu, ukingoni mwa ziwa, ikakoma. Mizigo ilishushwa na kupakiwa upya melini. Reli ya moja kwa moja kutoka pwani haikuingia Kampala hadi mwaka 1931.

Je, tumejifunza? Treni za reli mpya ya Kenya, kati ya Mombasa na Nairobi, zilianza safari Juni 2017, kwa mkopo wa takriban dola bilioni 3.2 kutoka Benki ya Exim ya China. Mwaka 2019 reli hiyo ilifika Naivasha, kwa gharama nyingine ya dola bilioni 1.5, ikasimama. Reli iliyokusudiwa kubeba shehena za nchi jirani ikakoma mbali sana na mpaka wa jirani yeyote.

Reli ilisimama, deni halikusimama. Tangu mwaka 2013 Wakenya walianza kutozwa ushuru wa asilimia 1.5 kwa bidhaa za kutoka nje ili kugharimia reli. Mama aliyenunua ndoo ya plastiki iliyotoka ng'ambo alichangia treni ambayo huenda hataipanda maisha yake yote. Mwaka 2019 waagizaji wa mizigo waliamriwa kusafirisha makontena yao kwa reli hiyo. Watu wa Mombasa waliandamana, kwa kuwa riziki ya madereva, wapakizi na wauza vyakula wa barabarani ilikuwa inakatika. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022. Na ni Novemba mwaka huohuo, miaka minane baada ya mkopo kusainiwa, ndipo serikali ilipochapisha baadhi ya mikataba yenyewe. Humo wananchi walisoma kwamba mkopo uliwekewa sharti la usiri. Kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini hapa walipaji hawakuonyeshwa hata kadi ya mwaliko.

Sasa zamu ni yetu, sisi wananchi wa Uganda. Mkataba wetu wa kwanza, uliosainiwa na kampuni ya Kichina mwaka 2015, ulivunjwa Januari 2023 kwa kukosa fedha. Oktoba 2024 serikali ilisaini mkataba mpya na kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi, wa kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala kwa euro bilioni 2.7. Gawanya mwenyewe: ni karibu euro milioni 10 kwa kila kilomita.

Utaniambia, "Mwalimu, nchi isiyo na bahari haina budi kuwa na reli." Nakubali bila kusita. Januari 2022 tuliona misururu ya malori ikienea kilomita nyingi kutoka Malaba kwa sababu ya vipimo vya korona, na bei zikapanda huku kwetu. Mimi siipingi reli. Ninachopinga ni kukopa kwa ajili ya kipande cha reli bila kuhakikisha kwamba kipande cha jirani kitakutana nacho. Ahadi za kuifikisha reli ya Kenya Malaba zimetolewa mara nyingi, lakini ahadi haibebi kontena. Reli ya zamani ina upana wa mita 1, mpya ina mita 1.435, behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Pasipo muungano, kila kontena litahamishwa kwa winchi, na gharama ya kulihamisha itaongezwa katika bei ya sabuni yako.

Ewe msomaji, Katiba ya 1995 haikukuacha mikono mitupu. Kifungu cha 159 kinaitaka serikali ipate idhini ya Bunge kabla ya kukopa. Kifungu cha 41 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 26 kinaagiza kwamba mwenye ardhi alipwe fidia ya haki, kwa wakati, kabla ardhi yake haijachukuliwa. Neno "kabla" halikuwekwa humo kama pambo.

Basi mbunge wako akija kuomba kura, muulize haya matatu. Mkataba wa mkopo ameusoma, na sisi tutausomea wapi? Kenya imejifunga kwa maandishi kufika Malaba mwaka gani, na isipofika nani atabeba hasara? Wenye mashamba kwenye njia ya reli wamelipwa wote?

Akikujibu kwamba mambo haya ni ya wataalamu, mwambie kwamba deni halitalipwa na wataalamu peke yao. Litalipwa na watoto ninaowafundisha, nao wana haki ya kujua sakafu hii inaishia wapi kabla hatujaanza kukimbia.