Malalamiko ya Mgonjwa na Haki ya Muuguzi

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 2023, inakusudia kumfungulia mlango wa hospitali hata yule aliyezoea kuugulia nyumbani kwa kukosa fedha. Tunaipokea kwa furaha. Hata hivyo, mwenye bima huja akijua haki yake, na asipohudumiwa ipasavyo atalalamika. Wa kwanza kulalamikiwa atakuwa muuguzi, kwa kuwa ndiye aonekanaye kando ya kitanda usiku na mchana.

Lugha chafu katika wodi ya wazazi, rushwa ndogondogo, mgonjwa kuachwa bila kuangaliwa: hayo yapo, wala hatupendi kuyafunika kwa kisingizio cha uchovu. Mama aliyetukanwa akiwa katika uchungu amedhulumiwa utu wake, na sanduku la maoni lisilofunguliwa kwa miezi linamdhulumu mara ya pili.

Lakini tumezoea pia kumwona kiongozi wa siasa, mbele ya kamera, akimsimamisha kazi muuguzi papo hapo huku umati ukishangilia. Hapo hatukubaliani. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelipa Baraza la Uuguzi na Ukunga mamlaka ya kuchunguza tuhuma za ukiukaji wa maadili ya taaluma na, ikibidi, kumfutia mhusika usajili. Katiba nayo, Ibara ya 13(6), inatambua haki ya mtu kusikilizwa kwa ukamilifu. Hukumu ya hadharani humnyima muuguzi haki hiyo, na mgonjwa humnyima ukweli. Zamu ile ilikuwa na wauguzi wangapi? Nani aliipanga? Glovu na dawa zilikuwapo? Maswali hayo yakiulizwa kwa utulivu, huenda jibu likamfikia mganga mfawidhi, ama mmiliki wa hospitali.

Na mmiliki huyo, pengi nchini, ni Kanisa. Hatusemi haya basi kama watazamaji. Jimbo linalopokea wagonjwa wengi zaidi bila kuongeza wauguzi, kisha likamwadhibu aliyeachiwa wodi nzima peke yake, limejivua lawama kwa kumtwisha mnyonge. Tungependa kila hospitali ya Kanisa iandike wazi nani hupokea malalamiko, mlalamikaji atajibiwa baada ya siku ngapi, na muuguzi anayeripoti upungufu katika zamu yake atalindwa vipi. Hilo la mwisho ndilo gumu, maana aripotiye upungufu mara nyingi huitwa mkorofi.