Mlango wa metro ukifungwa mbele yako, usitukane kwanza

Juma lililopita mdogo wangu, binti ya mama mdogo, alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Paris. Alikuwa amesimama nje ya kituo kimoja cha metro, saa za jioni, kazi imekwisha, na sauti yake ilikuwa ya hasira kabisa: "Yaya, bamefunga metro tena! Niko na mifuko mbili ya sombe na makayabu, mvua inanyesha, na hakuna mutu anatuambia sababu!"

Nikauweka ujumbe ule katika kundi letu la WhatsApp la kartiye, kwa kucheka tu. Majibu yakaja mengi. Mmoja akaandika: "Kumbe hata Bulaya!" Mwingine akasema wakubwa ni wale wale kila mahali, kazi yao ni kuwafungia raia milango. Huyu wa pili ndiye ananifanya niandike leo, kwa sababu nadhani amekosea, tena amekosea katika jambo ambalo hapa kwetu linaua watu.

Mimi sijapanda metro hata siku moja. Hapa Bukavu tunapanda moto, taksi na mashua. Lakini tangu tarehe 29 Oktoba 2022, siku ya konserti ya Fally Ipupa katika Stade des Martyrs pale Kinshasa, nimekuwa nikisoma kila ninachopata juu ya msongamano wa watu. Siku ile walikufa watu 11, na wawili kati yao walikuwa polisi. Uwanja ule umejengwa kwa watu 80,000. Watu waliendelea kuingia ingawa ulikwisha kujaa. Ndiyo sababu nikisikia kwamba mahali fulani kuna mtu ambaye kazi yake ni kufunga mlango, mimi sicheki tena.

Tuanze na kituo cha chini ya ardhi chenyewe. Ni shimo. Unaingia kwa mlango wa barabarani, unateremka kwa ngazi za kawaida au za umeme, unapita njia nyembamba kama korido, mwishowe unafika kwenye jukwaa, pale watu wanaposimama kungojea treni. Jukwaa lenyewe si pana, na mbele yake kuna reli. Sasa tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme treni inapita kila dakika 2 na ina nafasi ya watu 600 wapya, lakini ngazi zinateremsha watu 400 kila dakika. Katika dakika 2 wameshuka 800, wameondoka 600, wamebaki 200. Baada ya dakika 10 wamebaki 1,000 juu ya jukwaa. Na hapo hatujasema treni moja imechelewa, wala hatujawahesabu wale wanaoshuka kutoka ndani ya treni na kutafuta njia ya kutoka.

Ubaya wa ngazi za umeme ni kwamba hazijui kama chini kumejaa. Zinaendelea kumimina watu. Aliye juu haoni chini, naye anasukuma kwa sababu ana haraka. Kwa hiyo mahali pa pekee pa kusimamisha mambo bila mtu kuumia ni juu kabisa, barabarani, pale unaposimama na mifuko yako na kutukana. London, katika kituo cha Oxford Circus ambako njia tatu za treni zinakutana, jambo hili ni la kawaida wakati watu wanapotoka kazini: mlango unafungwa dakika chache, jukwaa linapungua, mlango unafunguliwa. Camden Town, palipo masoko makubwa, kwa miaka mingi alasiri ya Jumapili watu walikuwa wanaruhusiwa kutoka tu, si kuingia. Mgeni huona kama dharau: mbona wale wanatoka na mimi nazuiwa? Lakini anayetoka anapunguza watu chini. Wewe unawaongeza. Na katika njia nyembamba, makundi mawili yakikutana uso kwa uso, hakuna anayesonga.

Watu wengi wanafikiri katika msongamano mtu anakufa kwa kukanyagwa. Mara nyingi si hivyo. Anakufa akiwa wima, au amelaliwa na wenzake, kwa sababu kifua kimebanwa hata hakiwezi kuvuta pumzi. Tarehe 3 Machi 1943, wakati wa vita, wakaaji wa mashariki ya London walikuwa wakiteremka kujificha katika kituo cha Bethnal Green ambacho kilikuwa hakijaanza kupokea treni. Kulikuwa na mlango mmoja, giza, ngazi zenye maji ya mvua. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto alianguka karibu na mwisho wa ngazi. Wa nyuma hawakujua, wakaendelea kuja. Wakafa watu 173, na wengi kati yao walikuwa wanawake na watoto. Siku ile hakuna bomu lililoanguka pale. Na tarehe 30 Mei 1999, mjini Minsk, vijana waliokuwa kwenye sherehe ya nje walikimbia mvua ya mawe wakaingilia njia ya kuteremka kituo cha Nyamiha. Ngazi zilikuwa zimelowa, na wa nyuma walikuwa wanakimbia. Wakafa watu 53. Tazama vizuri: mvua tu. Mvua kama ile iliyomnyeshea mdogo wangu.

Kuna sababu nyingine inayowakasirisha watu zaidi, kwa sababu haionekani: kituo kinafungwa eti wafanyakazi hawatoshi. Msafiri anajiuliza, treni si zinapita? Mashine za tikiti si zinafanya kazi? Jibu liko King's Cross, London, tarehe 18 Novemba 1987. Kibiriti kilichotupwa kiliingia chini ya ngazi za umeme, ambazo wakati ule zilikuwa za mbao, kikaangukia mafuta na takataka za miaka mingi. Moto ulionekana mnamo saa moja na nusu ya jioni. Mwanzoni ulionekana mdogo, wala haukuwashtua watu sana. Robo saa tu baadaye ukalipuka mpaka juu katika ukumbi wa tikiti. Walikufa watu 31. Treni zilikuwa bado zinaleta abiria ndani ya moshi. Baada ya uchunguzi zikatolewa sheria za mwaka 1989 kwa vituo vya chini ya ardhi, na moja inadai idadi ya chini ya wafanyakazi waliofundishwa wawepo kituoni. Wasipotimia, kituo hakifunguliwi. Mtu akiugua asubuhi na mwenzake wa kumbadilisha hayupo, mlango unabaki umefungwa, hata kama jua linawaka na watu ni wachache. Mimi hilo nalipenda. Sheria haimwachii mkubwa wa kituo nafasi ya kusema "leo tujaribu tu."

Yapo na mengine, nitayapita haraka: mfuko uliosahauliwa, moshi, maji ya mafuriko, lifti iliyokufa katika kituo kirefu, ngazi zinazobadilishwa. Kwa hili la mwisho Wakongomani wa Paris wana mfano wao. Château Rouge, kituo cha soko letu, kule wanakonunua fumbwa na samaki wa kuvuta, kilikuwa na mlango mmoja kwa umati ule wote wa Jumamosi. Kilifungwa mwaka 2016, kikafunguliwa tena 2017, kikiwa kimepanuliwa na kuongezwa mlango mwingine. Wenye maduka walilia, na walikuwa na haki ya kulia, maana miezi ni mingi kwa mtu anayeuza pondu mbichi.

Sasa nisije nikaonekana wakili wa kila anayeshika ufunguo. Kuna kufunga ambako si kwa ajili ya kifua cha mtu. Agosti 2019, Hong Kong, vituo vilivyo karibu na maandamano vilifungwa hata kabla ya waandamanaji kuanza kutembea. Paris pia, siku za maandamano ya vizibao vya njano, polisi waliagiza vituo vingi vya katikati ya mji vifungwe. Wakubwa walisema ni usalama. Labda mara nyingine ni kweli. Lakini wewe unayefunga mlango ili watu wasifike mahali, usijifunike na nguo ya yule anayefunga ili watu wasife. Njia ya kuwatofautisha ni moja: wa kwanza hakuelezi kitu. Na hapa namrudia mdogo wangu, maana katika hasira yake alisema neno la haki: hakuna mtu aliyewaambia sababu. Sentensi moja katika kipaza sauti ingetosha. "Chini kumejaa, ngojeni dakika kumi, au tembeeni mpaka kituo kinachofuata." Mtu akijua hesabu, hangoji kwa uchungu.

Na sisi? Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu waliokuwa kando ya ziwa wakiitazama.

Miaka michache kabla ya hapo mimi mwenyewe nilipanda mashua moja, sitaitaja, kwenye gati moja la ziwa hili. Karani alikuwa bado anauza tikiti wakati maji yalikwisha kukaribia mbao. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akakataa, akashuka, akaomba pesa yake arudishiwe. Hakupewa. Watu wakamcheka. Mimi nilibaki ndani, kwa sababu nilikuwa nimelipa. Tulifika, kwa hiyo hakuna aliyeandika kitu.

Ninachoomba kwa wenye bandari zetu hakihitaji metro wala pesa ya Benki ya Dunia. Kizuizi kimoja kabla ya gati. Mtu mmoja anayehesabu, asiyelipwa na mwenye mashua. Idadi iliyoandikwa kwa rangi ubavuni mwa mashua, mahali abiria anaweza kuisoma kabla ya kulipa. Na anayeshuka kwa hofu arudishiwe pesa yake, bila makelele.

Mdogo wangu alitembea mpaka kituo kinachofuata. Anasema mfuko mmoja ulipasuka njiani, lakini sombe ilifika.